Kipande na Mtandao: Historia ya Habari za Mtu Mikononi mwa Wengine

Neno kipande ni dogo, na maana yake ya asili haina ubaya. Kipande ni sehemu ya kitu kizima: kipande cha mkate, kipande cha nguo, kipande cha ardhi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno hilo lilipewa maana nyingine, likawa jina la kadi ya kazi ambayo juu yake siku 30 za kibarua zilihesabiwa moja moja mpaka zikatimia. Katika Kenya lilipata maana ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokaa zaidi katika kumbukumbu za watu. Kipande kilikuwa cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua kila aendako, chenye jina lake, kabila lake, mahali alikotoka, alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Hata leo, miaka mingi baada ya cheti kile kuondolewa, wako watu wengi katika Kenya wanaokiita kitambulisho chao kipande.

Insha hii yakusudia kueleza historia ya jambo ambalo siku hizi huitwa ulinzi wa taarifa binafsi. Wengi hudhani kuwa jambo hili lilizaliwa pamoja na kompyuta na simu za mkononi, na kwamba ni shughuli ya mafundi wa mitambo. Sivyo. Swali la nani aandike habari za mtu, nani azisome, na nani aweze kuzisahihisha au kuzifuta, liliulizwa katika Afrika ya Mashariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wako waliouawa kwa kuliuliza. Mtu atakaye kujilinda katika mtandao atafaidika akijua kwanza jinsi walivyoumia wale waliotangulia kuandikwa.

Historia yenyewe haianzii Kenya, bali Bara Hindi. Katika mwaka 1858 William Herschel, mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika Bengal, alifanya mapatano na mkandarasi mmoja wa kienyeji aliyetakiwa kuleta vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel alimtaka mtu yule apake wino kiganjani, kisha akigandamize nyuma ya karatasi ya mapatano. Wakati ule hakuwa na elimu yoyote ya alama za vidole. Kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, kusudi lake lilikuwa kumtia yule mtu hofu asije akaikana sahihi yake. Elimu ilikuja nyuma ya hofu. Francis Galton alitoa kitabu chake juu ya alama za vidole mwaka 1892, na katika miaka ile ile Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, alipata njia ya kuzipanga alama hizo kwa mafungu hata moja ikaweza kutafutwa na kupatikana upesi kati ya maelfu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Polisi wa London waliipokea njia hiyo mwaka 1901. Basi ilijaribiwa kwanza juu ya watu waliotawaliwa, ndipo ikavuka bahari kwenda katika nchi ya watawala, na huko ikatumiwa juu ya wahalifu.

Kwa sababu hiyo, watu waliotakiwa kutoa alama za vidole bila kosa waliona kuwa wanahesabiwa pamoja na wezi. Katika Transvaal, Afrika ya Kusini, Wahindi waliamriwa mwaka 1906 wajiandikishe kwa njia hiyo. Gandhi, ambaye wakati ule alikuwa mwanasheria huko, aliwaongoza kukataa. Mwezi wa Agosti 1908 vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto mbele ya msikiti wa Hamidia katika Johannesburg. Bado miaka saba kabla ya sheria ya kipande kupitishwa katika Kenya.

Katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ndiyo Kenya ya leo, walowezi walikuwa na mashamba makubwa lakini hawakuwa na watu wa kutosha wa kuyalima. Ujira ulikuwa mdogo, na kibarua aliyeona kwamba kazi ni nzito au bwana ni mkali aliondoka akarudi kwao. Kumtafuta kulikuwa na taabu. Jina moja huitwa watu wengi, na tena mtu aweza kutaja jina lisilo lake. Walowezi wakaitaka serikali ilete dawa, nayo dawa ikawa sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka 1915. Vita Vikuu vya Kwanza viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa katika miaka ya 1919 na 1920.

Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 au zaidi alipaswa kwenda kuandikishwa. Alama za vidole vyake zilitiwa katika cheti, na nyingine zikahifadhiwa Nairobi katika afisi ya msajili. Mwajiri aliandika ndani ya cheti aina ya kazi, kiasi cha mshahara na siku ya kuanza. Mtu alipoacha kazi, mwajiri alitia sahihi ya kumfungua. Asiyetiwa sahihi hiyo hakuweza kuajiriwa na mtu mwingine kwa halali, na aliyetoroka aliweza kufuatwa kwa alama zake mpaka akapatikana. Polisi alikuwa na ruhusa ya kudai cheti wakati wowote, na asiyekuwa nacho alitozwa faini au alifungwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, na kikopo kikatundikwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Kufika mwaka 1931 vyeti vilivyokuwa vimetolewa vilizidi milioni moja.

Yafaa tusimame hapa kidogo tutazame ubaya wa kipande ulikuwa wapi hasa, maana tukikosea katika jambo hili tutakosea katika yote yatakayofuata. Ubaya haukuwa katika kuandikwa. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kuandikwa tangu zamani. Mfanyabiashara aliandika madeni, kadhi aliandika ndoa na talaka, na aliyeuza shamba alipewa hati. Lakini hati za namna hiyo zilikuwa na pande mbili. Mashahidi waliitwa, maneno yalisomwa mbele ya wenye haki, na aliyeandikwa vibaya aliweza kusimama akasema kwamba sivyo.

Kipande hakikuwa na pande mbili. Kwanza, mtu alibeba kifuani maneno juu yake mwenyewe yaliyoandikwa na mwingine, aghalabu kwa lugha asiyoijua na kwa hati asiyoweza kuisoma. Pili, mwajiri alizijua habari za kibarua, lakini kibarua hakuwa na karatasi yoyote ya kumwambia kama mwajiri yule hupiga watu au hudhulumu mishahara. Tatu, habari zilizotolewa kwa kazi moja zilitumika kwa kazi nyingine. Aliyeambiwa kuwa anaandikishwa ili atambulikane, kwa alama zile zile alitafutwa kama mtoro. Mambo haya matatu, yaani kutoweza kusoma, kutokuwa na usawa, na kubadilishwa kwa kusudi, ndiyo kipimo nitakachokitumia mpaka mwisho wa insha hii.

Malalamiko hayakukawia. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokea simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi, alianzisha chama kilichoitwa kwanza cha vijana wa Kikuyu, kisha kikapanuliwa kuwa chama cha Afrika ya Mashariki. Walidai kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe na mishahara isikatwe. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikofungwa, wakitaka afunguliwe. Wanawake, ambao wenyewe hawakuvaa kipande, walikuwa mbele, na kati yao alikuwako Mary Muthoni Nyanjiru. Risasi zilipigwa. Serikali ilihesabu maiti 21, na wengine walisema kuwa waliokufa walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Thuku alihamishwa bila hukumu ya mahakama, akapelekwa Kismayu, na karibu miaka tisa ilipita kabla hajaachiliwa.

Kipande kilidumu miaka 25 tena baada ya risasi zile. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, madai yakawa makubwa hata serikali ikapitisha mwaka 1947 sheria mpya ya kuandikisha watu wa mataifa yote, yaani Waafrika, Waasia na Wazungu, na wote kwa alama za vidole. Hapo likatokea jambo ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulisahau. Walowezi wale wale waliosifu kipande kwa miaka mingi kuwa ni kitu chema kwa Mwafrika, kisicho na dharau ndani yake, walipotakiwa kutia vidole vyao katika wino walipiga kelele kuwa wanatukanwa na kufananishwa na wahalifu. Serikali iliunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy ili ilichunguze jambo hilo, na mwishowe ikapatikana njia ya kando: ajuaye kujaza fomu kwa Kiingereza aliweza kutoa picha na sahihi badala ya alama za vidole. Sheria ilikuwa moja, lakini mlango wa kuikwepa ulifunguliwa kwa lugha.

Haukupita muda, habari za watu zikatumiwa kwa ukali zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengewa vitabu vyao vya kutembelea. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, watu wakapangwa mistari na kuchujwa, na zaidi ya 20,000 wakawekwa kizuizini. Katika kuchuja huko walitumiwa watu waliofunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, wakapitisha watu mmoja mmoja kwa kutikisa kichwa. Wakikuyu waliwaita gakunia. Aliyeshtakiwa hakujua amesemwa nini wala amesemwa na nani. Hiyo ilikuwa habari ya mtu iliyofikia ukomo wa ubaya wake, kwa kuwa haikuwa na mwandishi anayejulikana, wala ushahidi, wala rufaa.

Ukomo mwingine uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko huo, nao ulitokea kwa jirani. Katika Rwanda watawala wa Kibelgiji, katika miaka ya 1930, walianza kuandika katika vitambulisho kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa mwandishi wa daftari ilikuwa neno moja tu katika mstari mmoja wa karatasi. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962, na neno likabaki. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji walisimama katika vizuizi vya barabarani wakadai vitambulisho, na neno lile lililoandikwa miaka 60 kabla likawa hukumu ya kifo kwa watu wasiohesabika. Vitambulisho vya Rwanda vya baadaye havina neno hilo. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikusudia mema. Habari za watu zilizowekwa akiba nazo haziozi, na hiyo ndiyo hatari yake. Anayezikusanya huondoka, nia yake huondoka naye, lakini daftari hubaki likimngoja yeyote atakayelirithi.

Msomaji asidhani kwamba dawa ni kukataa kuandikwa. Historia ya Wanubi wa Kenya yatuonyesha upande wa pili. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Kiingereza, wakapewa makazi Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watoto wao hawakuhesabiwa kwa wepesi kuwa wananchi. Wengine walipotimiza umri wa kupata kitambulisho, walipitishwa mbele ya kamati za kuwahoji asili yao, wakarudishwa leo na kesho. Asiye na kitambulisho katika Kenya hana kura, hana akaunti ya benki, hapati kazi ya serikali, na si rahisi kwake hata kuingia katika jengo la afisi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Babu wa Mkenya mwingine alilia kwa sababu amevishwa cheti, na kijana wa Kinubi alilia kwa sababu amenyimwa. Vilio hivi havipingani. Wote wawili walinyimwa kauli katika daftari lao wenyewe.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Wanubi hao hao, waliokidai kitambulisho kwa miaka mingi, ndio walioongoza kwenda mahakamani serikali ilipoanzisha daftari kubwa la watu wote lililojulikana kwa jina la Huduma Namba. Sheria iliyobadilishwa mwaka 2018 iliruhusu kukusanywa kwa alama za vidole, sura, na hata vinasaba vya mwili na mahali hasa nyumba ya mtu ilipo. Waliogopa kwamba asiye na karatasi za zamani hatapata namba mpya, na asiye na namba mpya atafungiwa milango yote kwa mara moja. Kwa watetezi wao kulikuwako tayari silaha ambayo Harry Thuku hakuwa nayo, nayo ni kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha, na kusema wazi kuwa habari za familia yake na mambo yake ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja.

Kesi ililetwa mapema mwaka 2019. Uandikishaji uliendelea mwaka huo, na zaidi ya watu milioni 35 waliandikishwa. Sheria ya kulinda taarifa za watu ilitiwa sahihi mwezi wa Novemba mwaka ule ule, baada ya taarifa zenyewe kwisha kukusanywa. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu: kukusanya vinasaba na mahali pa nyumba ni kinyume cha Katiba, na daftari lisiendelee mpaka kanuni za kutosha za kulilinda zipatikane. Tarehe 14 Oktoba 2021 jaji mwingine aliamua kwamba kutolewa kwa kadi nako hakukuwa halali, kwa sababu serikali haikufanya kwanza uchunguzi wa madhara ambayo sheria yenyewe iliudai. Mtu aweza kusema kuwa huo ulikuwa ugomvi wa wanasheria. Mimi naona ulikuwa mara ya kwanza katika nchi ile kwa mwenye daftari kuitwa mbele ya walioandikwa, akaulizwa: habari hizi umezichukua za nini, na umezifungia wapi?

Nchi jirani nazo zimetunga sheria. Uganda ilipata yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Maneno yake yanatofautiana, lakini shina lake ni moja: anayekusanya habari aseme kusudi lake, asizidishe kuliko haja, azilinde, na mwenye habari aweze kuziona, kuzisahihisha na, mahali penye haki, kuzifuta. Ukilinganisha masharti hayo na yale mambo matatu ya kipande, utaona kwamba kila sharti ni jibu la kosa la zamani.

Lakini sheria ni ukuta, na mlango umo mikononi mwa mwenye nyumba. Mnamo Julai na Agosti 2023 watu wengi mjini Nairobi walipanga foleni ndefu ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine ya mviringo ya kampuni iitwayo Worldcoin. Kila mmoja aliahidiwa fedha za mtandaoni zilizokuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Hakuna polisi aliyewalazimisha. Shida ndiyo iliyowasukuma, na katika mwaka ambao bei ya unga na mafuta ilikuwa juu, hapana haki ya kuwacheka. Serikali iliisimamisha kazi hiyo tarehe 2 Agosti, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari za miili ya watu hao zifutwe. Neno la siri likiibwa, mtu hulibadili. Kitambulisho kikipotea, hupewa kingine. Mboni ya jicho haina badala. Aliyeiuza ameuza kitu ambacho hawezi kukinunua tena.

Mambo makubwa kama hayo hutokea mara chache, na madogo hutokea kila siku. Mgeni aingiapo katika majengo mengi ya Nairobi hupewa daftari mlangoni, akaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na saa. Aandikapo, huona juu ya mstari wake majina na namba za waliomtangulia, na atakayemfuata ataona zake. Daftari likijaa, hapana aulizaye linakwenda wapi. Hapo yale mambo matatu yote yamo. Mtu hajui nani atasoma, hana habari za anayemwandika, na kusudi la ulinzi laweza kugeuka kuwa kitu kingine jioni ile ile.

Tapeli wa siku hizi hula katika mabaki kama hayo. Tangu kutuma pesa kwa simu kulipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, kisha kukaenea Tanzania na kwingineko, namba ya simu imekuwa pia mfuko wa fedha. Tapeli hana haja ya kuvunja mtambo. Huanza kwa ukweli: humpigia mtu akamtaja kwa jina lake kamili, pengine na jina la mwanawe au la wakala wake. Msikilizaji husema moyoni kuwa anayejua haya yote hawezi kuwa mgeni. Ndipo huombwa jambo moja dogo, ama asome ile namba iliyotumwa sasa hivi kwa simu yake, ama arudishe pesa zilizotumwa kwa makosa. Ujumbe uliovuma Tanzania kwa miaka, wa kumwambia mtu kuwa ile hela aitume kwa namba hii, ulifanya kazi kwa sababu kila siku wapo watu ambao kweli wanangoja kuambiwa watume wapi. Wengine huenda mbali zaidi, wakajifanya wenye laini na kuomba wapewe laini nyingine yenye namba ile ile. Wakifaulu, simu ya mwenyewe hunyamaza, na yote yaliyofungwa kwa namba ile huwa yao.

Kinga za mtu mmoja mmoja si nyingi, wala si ngumu. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa ajitajaye kuwa mtumishi wa benki au wa kampuni ya simu. Namba ya muda inayotumwa kwa simu ina hukumu hiyo hiyo, kwa kuwa ni ufunguo. Kila akaunti iwe na nywila yake, ndefu, isiyo mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto, ili moja ikifichuka nyingine zisalimike. Mahali panaporuhusu kinga ya pili juu ya nywila, iwekwe. Simu ya haraka ikatwe, na mwenyewe apige upya kwa namba anayoijua. Picha ya kitambulisho isitumwe ovyo, wala picha ya mtoto mwenye sare ya shule isionyeshwe kwa dunia nzima. Kabla ya kujaza fomu, yaulizwe yale ambayo babu zetu hawakuruhusiwa kuuliza: habari hizi ni za kazi gani, nani atazisoma, na nikitaka zifutwe nimwendee nani?

Wako wajibuo kwamba wao hawana la kuficha. Jibu hilo lina unyofu, lakini halina historia. Kibarua wa mwaka 1920 hakuwa na la kuficha, wala Mnyarwanda aliyechukua kitambulisho chake katika miaka ya 1930 hakuwa na la kuficha. Hakuna aliyedhurika kwa sababu ya siri yake. Walidhurika kwa sababu ya mambo yaliyo wazi, yaani jina, asili na kidole. Kulinda habari si kazi ya mwenye aibu. Ni kazi ya mtu asiyejua nani atakuwa na nguvu kesho. Siri ya mtungi aijuaye kata, na zamani kata ya nyumba ilikuwa moja, tena iliyojulikana na mwenye mtungi. Siku hizi kata zinazotumbukizwa katika mtungi wa kila mtu ni nyingi, na nyingine hatuzioni.

Limebaki neno moja kwa wasomaji wa jarida hili, ambao kazi yao ni lugha. Nimesema kwamba kosa la kwanza la kipande lilikuwa kwamba aliyekibeba hakuweza kukisoma, na kwamba mlango wa kukwepa wino baada ya sheria ya mwaka 1947 ulifunguliwa kwa wajuao Kiingereza peke yao. Kosa hilo halijaondoka. Mtu atiaye programu mpya katika simu yake huonyeshwa kurasa nyingi za masharti, mara nyingi kwa Kiingereza cha wanasheria, akaulizwa kama anakubali. Hugusa palipoandikwa kuwa anakubali, na kugusa huko huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Lakini ridhaa ya mtu asiyeelewa alichoridhia haina uzito kuliko kiganja chenye wino cha yule mkandarasi wa Bengal.

Maneno tunayo: faragha, ridhaa, nywila, taarifa binafsi. Kazi iliyobaki ni kuyatoa katika vitabu vya sheria na kuyapeleka kwa mama auzaye samaki ambaye simu yake ndiyo benki yake, na kwa kijana aliyesimama katika foleni ya mashine, kwa Kiswahili kinachoeleweka mara ya kwanza kisomwapo. Wanafunzi wa lugha waweza kufasiri masharti hayo, kuyafupisha bila kuyapotoa, na kuwadai wenye kampuni na serikali wayaweke mbele ya watu kwa lugha yao. Kibarua wa mwaka 1920 alibeba habari zake shingoni miaka mingi bila mtu wa kumsomea. Wajukuu wake wanazibeba mfukoni, nasi tunajua kusoma.